Sista, hebu niangalizie rangi hii

Rubani anayetaka leseni ya kurusha ndege hupimwa uwezo wake wa kutofautisha rangi. Baharia naye hupimwa kabla hajaruhusiwa kushika zamu ya usukani, maana usiku ni taa nyekundu na ya kijani zinazomwambia kama chombo kilicho mbele yake kinamwonyesha ubavu wa kushoto au wa kulia. Kijana anayekwenda kusomea udaktari, ambaye kesho ataangalia kiganja cha mtoto na kuamua kama aongezwe damu usiku huohuo, tunachobishania ni ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Macho yake yanaona nini, hilo tunamwachia mwenyewe.

Na mwenyewe, mara nyingi, hajui. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote katika jambo hili. Daktari mwenye upofu wa rangi anayejijua ana njia nyingi za kujisaidia. Asiyejijua hana hata moja, na mgonjwa wake ndiyo kabisa.

Wengi wakisikia upofu wa rangi hudhani mtu anaiona dunia nzima nyeusi na nyeupe. Wa namna hiyo wapo, ila ni wachache mno. Walio wengi rangi wanaziona, isipokuwa kwao nyekundu, kijani, kahawia na rangi ya chungwa zinakaribiana kupita kiasi, na zikiwa zimefifia zinachanganyika kabisa. Taa nyekundu ya kuongozea magari mtu huyu anaijua bila shida, kwanza kwa sababu inawaka sana, pili kwa sababu ipo juu na ya kijani ipo chini. Wekundu hafifu wa koo lililoanza kuvimba hauna taa wala hauna juu na chini. Unampita.

Asili yake ni ya kurithi. Jicho lina aina tatu za seli za kupokea rangi, na vinasaba vya aina mbili kati ya hizo, zile zinazotusaidia kutofautisha nyekundu na kijani, vimekaa kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, hivyo ikiwa na kasoro hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, na moja ikiwa nzima humtosha. Ndiyo maana kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini hali hii huwapata wanaume kama 8 katika kila 100, wakati wanawake hawafiki hata 1 katika 100. Kwetu Afrika idadi huwa ndogo zaidi. Lakini tufanye hesabu ya mezani: tukichukulia wanaume 3 katika 100, basi wodi, zahanati na maabara za mkoa mkubwa kama Dar es Salaam zina watu wa namna hii kila siku ya Mungu, na kila mmoja wao anahudumia mamia ya wagonjwa kwa mwezi.

Ukitaka kumwona angali kijana, nenda kwenye maabara ya Kemia ya kidato cha nne. Wanafunzi wamepanga mirija mezani, wanachambua chumvi. Ukidondosha sodiamu haidroksaidi kwenye myeyuko wenye chuma, unapata mashapo ya kijani kichafu au ya kahawia yenye wekundu, na jibu lote la swali liko kwenye tofauti hiyo. Kwenye taitresheni kuna matone ya methyl orange yanayotoka kwenye unjano kwenda kwenye wekundu, na unatakiwa ufunge bomba pale rangi inapogeuka tu, si tone moja baadaye. Kwenye Baiolojia kuna kipimo cha sukari cha Benedict: buluu, kijani, njano, chungwa, halafu nyekundu ya tofali. Mwanafunzi asiyeziona tofauti hizi hafeli, kama mnavyoweza kudhani. Anamchungulia jirani. Anakariri kwamba chumvi fulani ikipashwa moto hutoa harufu fulani. Anauliza kwa ujanja, "Yako imekuwaje?" kisha anaandika aliloambiwa. Ana akili, anafaulu, anapata alama za juu, na akifika chuo cha udaktari pale Upanga kuvaa koti jeupe tayari ana uzoefu wa miaka ya kuficha kitu ambacho hajui hata kinaitwaje.

Msimcheke. John Dalton, mwanakemia wa Uingereza ambaye nadharia yake ya atomu bado inafundishwa katika madarasa yetu, alifika umri wa miaka 26 hivi ndipo akagundua kwamba macho yake hayafanani na ya wenzake. Mwaka 1792 alitazama ua ambalo wengine wote waliliona la waridi. Yeye mchana aliliona la buluu ya anga, na usiku, kwenye mwanga wa mshumaa, likageuka jekundu machoni pake. Mwaka 1794 aliisimulia hali hiyo mbele ya jumuiya ya wasomi wa Manchester, akidai kwamba majimaji ya ndani ya jicho lake lazima yana rangi ya buluu, na akaagiza macho yake yakaguliwe akifa. Alifariki mwaka 1844, jicho likapasuliwa, majimaji yakakutwa safi. Jibu lilikuja mwaka 1995, vinasaba vilipochunguzwa kutoka kwenye mabaki yaliyohifadhiwa: hakuwa na seli za upande wa kijani. Basi ikiwa mtu aliyeishi kwa kupima na kulinganisha vitu alikaa muda wote huo bila kujua, daktari tarajali, yule aliye bado kwenye mafunzo ya vitendo, wa hospitali ya Temeke, aliyelala kwa saa mbili tu usiku wa jana, tutamlaumuje?

Sasa tuingie kliniki. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa, ule unaotumika mpaka kwenye zahanati ndogo, unamtaka mhudumu akamate kiganja cha mtoto, akikunjue taratibu bila kukivuta, alinganishe rangi yake na kiganja chake mwenyewe au cha watoto wengine. Kimepauka kidogo? Au kimepauka sana? Jibu la kwanza linampeleka mtoto nyumbani na dawa, la pili linampeleka hospitali haraka. Kati ya majibu hayo mawili hakuna namba wala mashine, kuna uwaridi tu, ambao kwa macho ya watu tunaowazungumzia ndiyo rangi ya kwanza kupotea.

Chukua mtoto mwenye selimundu (sikoseli), na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wa namna hiyo duniani. Akizidiwa, dalili zake mbili za mlangoni ni kope zilizopauka kwa ndani na weupe wa jicho ulioingia unjano. Zote mbili ni rangi. Unjano uliokolea kila mtu anauona. Ule unaoanza, uliochanganyika na wekundu wa vijimishipa vya jicho, kwa daktari asiyetofautisha vizuri rangi unaweza kuonekana jicho la kawaida la mtoto aliyelia njia nzima kutoka Mbagala. Mama wakati huo anaona. Wamama wa watoto wenye selimundu huwa wanaona kabla ya mtu yeyote, na ningekuwa na amri ningeandika ukutani kila chumba cha daktari: mama akisema macho yamebadilika, yamebadilika.

Haya si mambo ya kudhania. Daktari wa Uingereza aitwaye Anthony Spalding, aliyefanya kazi miaka mingi akiwa na hali hii mwenyewe, aliwauliza madaktari wenzake wa aina yake wanapata taabu wapi. Waliyoyataja ni yaleyale ambayo daktari wa hospitali ya Mwananyamala anayakuta kabla ya saa nne asubuhi: ngozi iliyopauka, midomo iliyoingia ubuluu kwa kukosa hewa, manjano, vipele vyekundu, ngoma ya sikio iliyovimba, damu kwenye mkojo, choo, makohozi na matapishi, na vijiti vya kupimia mkojo. Spalding alipigania wanafunzi wa udaktari wapimwe mapema. Hakutaka wafukuzwe, na nitarudi hapo.

Kabla ya hapo kuna jambo linaloifanya Dar es Salaam iwe tofauti na Uingereza ya Spalding. Vitabu vingi vya udaktari vinavyosomwa hapa viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. "Ngozi huwa nyekundu," kinasema kitabu. Ya nani? Maambukizi ya chini ya ngozi kwenye mguu wa mtu mweusi wa Manzese hayaonekani mekundu. Yanaonekana meusi zaidi, au ya zambarau iliyojificha, au hayaonekani kwa rangi hata kidogo ila pana joto, pamevimba, panang'aa na ukigusa mgonjwa anaruka. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa London mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu cha picha za dalili kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu darasani alikuwa akiuliza dalili hii kwetu inakaaje na jibu halipo. Kwa maana hiyo kila daktari hapa, hata mwenye macho kamili, amefundishwa kutafuta rangi ambayo mgonjwa wake hana.

Ndipo nikaona ajabu moja. Daktari mwenye upofu wa rangi aliyejijua mapema hutafuta joto, uvimbe, ugumu, mng'ao, mipaka ya kidonda. Huuliza maswali mengi zaidi. Humpeleka mgonjwa dirishani. Hufunua ufizi, ulimi, kope na kiganja badala ya kuridhika na uso. Hayo yote ndiyo anayopaswa kufanya daktari yeyote anayetibu Waafrika, na wengi wenye macho mazuri hawayafanyi kwa sababu wanayaamini macho yao.

Nimetaja dirisha. Hili la mwanga linadharauliwa sana. Vyumba vingi vya daktari katika jiji hili vina dirisha lenye pazia la kijani au la buluu, ukuta uliopakwa rangi ya mafuta hadi kifuani, na taa moja ya tyubu inayotoa mwanga wa kijanikijani. Umeme ukikatika inatoka tochi ya simu, ambayo mwanga wake una ubuluu mwingi. Chini ya mwanga huo unjano wa mtoto mchanga unajificha mbele ya profesa na mbele ya mwanafunzi sawasawa. Wauguzi wa zamani wa wodi za wazazi walilijua hili bila kufundishwa na mtu, ndiyo maana utawaona wanambeba kichanga mpaka kibarazani asubuhi, wanambonyeza paji la uso kwa kidole, wanaangalia rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Kwa mwenye upofu wa rangi, mwanga mbaya humaliza hata kile kidogo alichokuwa akikiona.

Sasa kuna mahali ambapo ujanja wa joto na uvimbe haufui dafu, nako ni kwenye vipimo. Nenda kliniki ya wajawazito siku ya Jumatatu, benchi limejaa mpaka nje. Kila mama ana kikopo chake cha mkojo. Mhudumu anachovya kijiti, anakikung'uta pembeni, anasubiri kama dakika moja, kisha anakiweka kando ya chupa ambayo ubavuni imechorwa miraba ya rangi. Mraba wa protini unaanza na unjano. Protini ikiwepo kidogo unakuwa unjano wenye ukijani, ikizidi unakuwa kijani, ikizidi sana unaelekea ubuluu. Tofauti ya unjano na unjano-kijani ndiyo inayomkamata mama anayeelekea kwenye kifafa cha mimba. Na katika rangi zote ambazo Mungu ameumba, mpaka huo wa unjano na kijani hafifu ni miongoni mwa ile inayowatesa zaidi watu wenye upofu wa rangi wa kawaida. Aliyebuni kijiti hakuwa na nia mbaya. Lakini ni wazi hakuwa na mjomba wa namna hii.

Vichupa vya kuchukulia damu ni hivyohivyo: kifuniko chekundu ni cha damu inayoachwa igande, cha kijani kina dawa ya kuzuia isigande. Damu ikiwekwa kwenye kisicho chake, sampuli inatupwa, au mbaya zaidi inapimwa na majibu yanatoka ya uongo. Maabarani kuna slaidi ya makohozi ambayo vijidudu vya kifua kikuu hupakwa rangi nyekundu juu ya uwanda wa buluu, na slaidi ya malaria ambayo kimelea huonekana kwa kidoa chekundu kilichokumbatiwa na ubuluu mwepesi. Umbo humsaidia msomaji, na rangi zikishika vizuri wengi wenye upofu wa rangi husoma bila shida. Slaidi iliyopauka, mwisho wa siku, ya mia moja tangu asubuhi, ndiyo yenye hatari. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1997 kuhusu wasomaji wa slaidi za tishu ulionyesha kwamba wenye upungufu mkubwa wa kuona rangi walikosea zaidi ya wenzao. Kipimo cha haraka cha malaria, kwa bahati nzuri, hakina tabu hiyo: mstari upo au haupo.

Basi tuwakataze? Wapo waliofanya hivyo. Japani kwa miaka mingi vyuo vya udaktari viliwafungia mlango wasiotofautisha rangi, kisha vikaufungua. China miongozo ya udahili imekuwa ikiwazuia. India suala hili lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 mahakama hiyo iliamuru wanafunzi wawili waliokataliwa kwa sababu ya upofu wa rangi wadahiliwe. Uingereza haijawahi kuwa na marufuku, ila sauti kama ya Spalding zimekuwa zikilalamika kwamba pasipo marufuku pamekosekana hata kipimo.

Mimi nasimama na mahakama ya India, na sababu yangu haina huruma ndani yake. Nchi hii haina madaktari wa kutupa. Kumfungia mlango kijana mwenye akili kwa sababu ya mpaka wa unjano na kijani, wakati daktari wa akili, wa mionzi au wa takwimu za afya anaweza kupita wiki nzima bila kuhitaji rangi, ni hasara tupu. Halafu marufuku ina ubaya mwingine ambao wanaoipenda hawautazami: inawafundisha watu kudanganya. Kitabu cha kupimia cha Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani aliyekitoa mwaka 1917, ni kurasa za vidoa vyenye namba ndani yake, na namba zenyewe hazijabadilika miaka yote hii. Ukurasa wa kwanza una 12, ambayo kila mtu anaiona. Kijana anayejua kwamba akikosea ndoto yake imekufa atazikariri kurasa zote 38 kwa mpangilio kama alivyokariri mashapo ya chuma. Tutakuwa tumetengeneza madaktari wanaojijua na wanaoficha, na hao ni wabaya kuliko wasiojijua. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni mmoja na anayekufa ni mwingine.

Ninachokitaka ni kipimo kisicho na adhabu. Mwaka wa kwanza wa chuo, dakika tano, mchana, karibu na dirisha, majibu ayajue yeye mwenyewe na mtu mmoja wa kumshauri. Kliniki za macho hapa jijini, Muhimbili na CCBRT zikiwemo, zinajua kazi hii, na vyuo vya matabibu na vya maabara viingie pia, maana nimesema daktari lakini mwenye hadubini yumo. Kupima kwa kioo cha simu kusitumike. Rangi za kioo hutegemea simu, mwangaza na bei yake. Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ndilo linalosajili, linaweza kuliweka hili kwenye masharti ya mafunzo bila kuligeuza kuwa sharti la usajili. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyosikika.

Kisha kuna dawa iliyo karibu kuliko zote, nayo ni muuguzi. Nimeeleza kwamba kasoro hii huwapata wanaume zaidi, na wauguzi wetu walio wengi ni wanawake. Kwa hiyo pembeni ya karibu kila daktari au tabibu mwenye macho ya mashaka kuna mtu mwenye macho mazuri aliyeshika faili. Kinachotakiwa ni sentensi moja: "Sista, hebu niangalizie hapa, unaona wekundu?"

"Naona, dokta. Tena umepanda kuliko asubuhi."

Sentensi hiyo ni nzito kuitamka. Wanaojua raundi za wodi wanajua mpangilio wake: bingwa mbele, anayemfuata kwa cheo nyuma yake, tarajali, wanafunzi, muuguzi wa mwisho na kitoroli chake. Bingwa ananyoosha kidole kwenye mguu wa mgonjwa, anauliza, "Mnaona wekundu huu?" Wote wanaitikia ndiyo. Nani atasema hapana? Na akishakuwa yeye ndiye bingwa, atamuulizaje mtu aliye chini yake rangi ya kitu? Ungesema anakiri kwamba hajui kusoma. Kuna wanaovaa miwani mizito ya kusomea mbele ya wodi nzima bila aibu yoyote, na hao hao wangekufa kuliko kumuuliza sista kama choo cha mgonjwa kina damu.

Hapa lawama iende kwa wakubwa, kwa sababu wao ndio wanaoweza kuivunja tabia hii. Bingwa mwenye macho kamili akizoea kusema kwa sauti kwenye raundi, "Sista, wewe unaonaje rangi yake leo?" atakuwa amewapa ruhusa wote walio nyuma yake. Na atafaidika yeye pia. Muuguzi aliyekaa na mgonjwa kwa saa kumi na mbili anaijua rangi ya jana. Daktari aliyepita kwa dakika nne anaijua ya sasa tu, na katika ugonjwa kilicho na maana mara nyingi ni mabadiliko.

Wapo watakaosema: ya nini yote haya, tutumie mashine. Ni kweli, mashine ya kusoma kijiti cha mkojo ipo, ya kupima damu kwa tone la kidoleni ipo, na pale zinapopatikana zitumike. Lakini tusizifanye miungu. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Mashine nayo ilifundishwa na ngozi ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo, mashine ya mkojo inataka vijiti vya kampuni yake, na vikiisha stoo tunarudi kwenye chupa yenye miraba ya rangi. Miwani ya rangi inayouzwa mtandaoni kama tiba, naiweka kando kwa sentensi moja: hubadilisha utofauti wa baadhi ya rangi, haimpi mtu seli asizonazo.

Kilicho rahisi zaidi ni kuondoa utegemezi wa rangi tupu. Kichupa kiwe na herufi kubwa, si kifuniko chekundu pekee. Kadi ya dharura inayomweka mgonjwa kundi jekundu, la njano au la kijani iandikwe pia namba. Majibu ya mkojo yasomwe na watu wawili pale yanapokuwa ya mashaka, na waandike wote. Haya hayahitaji bajeti ya wafadhili, yanahitaji kalamu ya wino mzito.

Liko pia kundi ambalo kipimo cha mwaka wa kwanza hakitalikamata: waliozaliwa wanaona rangi vizuri wakapoteza uwezo huo baadaye. Kisukari huharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, taratibu. Ethambutol, moja ya dawa nne za mwanzo za kifua kikuu, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili yake ya mapema ni nyekundu na kijani kuanza kufifia. Tunawaambia wagonjwa wetu watoe taarifa wakiona hivyo, na wahudumu wa afya nao huugua kifua kikuu, hasa wale wanaokoholewa usoni kutwa nzima. Daktari wa miaka 50 mwenye sukari hajapimwa rangi tangu azaliwe, na hakuna atakayethubutu kumshauri akapimwe isipokuwa jambo hili likiwa la kawaida kwa wote.

Je, mgonjwa aambiwe? Sioni haja, maadamu jicho la pili lipo. Humuulizi daktari wako kama anasikia sawasawa kwa masikio yote mawili kabla hajakuwekea stetoskopu.

Shida yangu ni pale ambapo jicho la pili halipo. Muhimbili, Amana, Mwananyamala, mtu wa kuita hakosekani. Ukivuka Kigamboni ukaendelea kusini, au ukaenda Chanika ndanindani, kuna zamu za usiku ambazo mhudumu ni mmoja, taa ni ya sola, na maabara imefungwa tangu saa tisa na nusu. Tabibu mwenye upofu wa rangi akipangwa hapo peke yake, ushauri wote nilioutoa hapo juu unamwacha. Huyu asipangwe peke yake. Fomu ya ajira ina nafasi ya ndugu wa karibu, ya namba ya simu ya mwajiri wa zamani. Iongezwe mistari miwili ya kueleza mazingira ya kazi anayoyahitaji mhusika, ijazwe kwa hiari, isomwe na mganga mkuu wa wilaya kabla ya kupanga zamu, na isitumike kumnyima mtu cheo. Halmashauri itakayodai haiwezi kumpatia mwenzake wa zamu ianze kwa kutuambia ni kwa nini zahanati yoyote, yenye tabibu mwenye macho ya namna yoyote, inaachiwa mtu mmoja usiku kucha.